Kiungulia hutulizwa kwa mlo na dawa, lakini si kila moto wa kifuani ni asidi

NI saa nne za usiku. Chakula cha jioni kimeliwa kwa kuchelewa: ugali wa kushiba, nyama ya kukaanga na kachumbari iliyokolezwa pilipili, kisha kikombe cha chai ya maziwa cha kuteremshia. Punde baada ya kujilaza, moto unawaka katikati ya kifua, unapanda hadi kooni na kuacha ladha ya uchachu mdomoni. Mwenye kuungua anainuka, anapapasa penye vidonge vyake, anatafuna viwili na kuketi kitandani akingoja moto uzimike.

Hicho ndicho kiungulia. Kwa watu wengi ni mgeni wa mara moja moja anayekuja na kwenda zake. Hata hivyo, kinapobisha hodi mara mbili au zaidi kwa wiki, madaktari hukihesabu kuwa maradhi kamili ya kupanda kwa asidi kutoka tumboni, ambayo yanahitaji mpango wa matibabu wala si tembe ya kutafuna peke yake.

Jambo la kutia moyo ni kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu wakibadilisha namna ya kula na kulala, na wakitumia dawa inavyopasa. Jambo la kuhofisha ni kwamba dawa zizo hizo, ambazo hununuliwa dukani bila ya cheti cha daktari, huweza kunyamazisha maumivu hata pale ambapo chanzo chake si asidi. Mtu anaweza kumeza vidonge mwaka mzima huku ugonjwa mwingine ukikomaa ndani yake.

Moto huwaka vipi?

Tumbo la mtu mwenye afya hutengeneza asidi kali ya hidrokloriki. Kazi ya asidi hiyo ni kusaidia kumeng'enya protini na kuua viini vinavyoingia pamoja na chakula. Tumbo lenyewe haliungui kwa kuwa ukuta wake umefunikwa na ute mzito unaolikinga. Umio, yaani mrija unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni, haukujaliwa kinga kama hiyo.

Mpakani mwa umio na tumbo pana pete ya misuli. Pete hiyo hufunguka mtu anapomeza na kujifunga chakula kikishapita. Husaidiwa na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Pete ikilegea wakati usiofaa, au ikizidiwa na shinikizo kutoka chini, asidi hupenya na kuchoma umio.

Mambo yanayoilegeza au kuizidi nguvu pete hiyo ni mengi: tumbo lililojazwa kupita kiasi, kitambi, ujauzito, uvutaji sigara, pombe na vyakula vyenye mafuta mengi. Wapo pia watu ambao sehemu ya juu ya tumbo lao imechomoza kupitia tundu la kiwambo na kuingia kifuani. Hali hiyo, ambayo ni aina ya ngiri, huongeza uwezekano wa asidi kupanda.

Si lazima dalili iwe moto wa kifuani pekee. Baadhi ya wagonjwa husumbuliwa na kikohozi kikavu cha usiku, sauti inayokwaruza asubuhi, hisia ya donge kooni au meno yanayolika. Wenye pumu huenda wakaona maradhi yao yakizidi pasipo kujua kwamba asidi inachangia.

Kiungulia na vidonda vya tumbo

Katika mazungumzo ya kila siku, maumivu yoyote ya tumboni huitwa vidonda vya tumbo. Huku ni kuchanganya mambo mawili yenye tiba tofauti.

Vidonda vya tumbo ni michubuko inayotokea kwenye ukuta wa tumbo lenyewe au wa sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Maumivu yake kwa kawaida huwa chini ya kifua, na huenda yakamwamsha mtu usiku wakati tumbo li tupu. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofeni na diklofenaki.

Waliogundua uhusiano wa bakteria huyo na vidonda ni madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliomchunguza mjini Perth mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo, lawama ilikuwa ikitupiwa mawazo mengi na vyakula vikali. Ugunduzi wao uliwapa Tuzo ya Nobel mnamo 2005, na leo vidonda vya aina hiyo hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi.

Kwa upande mwingine, antibiotiki hazitibu kiungulia kinachotokana na pete iliyolegea. Mtu anayepewa dozi ya kuua bakteria bila ya kupimwa, kwa sababu tu kifua kinamuungua, hubaki na kiungulia chake, na bakteria mwilini huzidi kujifunza kuzishinda dawa.

Ni vyema pia kujua kwamba vipimo vya pumzi na vya choo vinavyomsaka bakteria huyo huweza kutoa jibu la uongo iwapo mgonjwa anatumia omeprazoli au dawa za jamii yake. Madaktari hushauri dawa hizo ziachwe kwa wiki mbili kabla ya kupimwa, na antibiotiki kwa wiki nne.

Kula kwa kipimo na kwa wakati

Wagonjwa wengi huanza kwa kuuliza orodha ya vyakula vilivyopigwa marufuku. Ukweli ni kwamba namna mtu anavyokula na saa anayokula mara nyingi huwa na uzito kuliko chakula chenyewe.

La kwanza ni kiasi. Sahani moja iliyofura huvimbisha tumbo na kuisukuma pete ya misuli. Chakula hicho hicho kikigawanywa mara mbili, kwa mfano githeri kidogo adhuhuri na tunda saa kumi, huweza kupita bila ya fujo. Kula polepole na kutafuna vizuri pia husaidia, kwa kuwa mate yana uwezo wa kupoza asidi.

La pili ni saa. Tumbo huhitaji muda kuteremsha chakula, na mtu akilala kabla ya hapo, asidi hupata njia ya mteremko. Kanuni inayopendekezwa ni kumaliza chakula cha jioni saa tatu kabla ya kulala. Anayelala saa nne usiku basi amalize kula kufikia saa moja jioni. Kwa mfanyakazi anayefika nyumbani saa tatu usiku baada ya kukwama katika msongamano wa magari, kanuni hii ni ngumu. Mtu kama huyo anaweza kufanya chakula cha mchana kuwa ndicho kizito, na usiku akala kidogo, kwa mfano ndizi za kuchemsha, viazi vitamu au uji usio mchachu.

La tatu ni vyakula vyenyewe. Vinavyolaumiwa mara kwa mara ni vya mafuta mengi kama vile chipsi, bhajia, viazi karai, mahamri na nyama yenye shahamu, kwa kuwa hukaa tumboni kwa muda mrefu. Pilipili, achari, vitunguu vibichi, nyanya nyingi, ndimu na machungwa huchoma umio ambao tayari umechubuka. Kahawa, chokoleti, mnanaa, soda na pombe pia zimo katika orodha.

Hata hivyo, miili haifanani. Yupo anayekula pilipili kila siku akalala salama lakini akaungua kwa kikombe kimoja cha kahawa. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa lishe hawapendekezi mtu aviache vyakula vyote hivyo kwa mkupuo mmoja. Badala yake, mgonjwa huombwa aandike kwenye daftari, kwa wiki mbili hivi, alichokula, saa aliyokula na saa aliyoungua. Baada ya hapo wahalifu wake hujitokeza wenyewe, na hao ndio wa kuachwa.

Vyakula ambavyo kwa wengi havileti taabu ni pamoja na ndizi mbivu, papai, tikitimaji, nduma, viazi, wali, ugali wa kiasi, mboga za majani zisizojaa mafuta, samaki wa kuchemsha au kuchoma na kuku aliyetolewa ngozi.

Maziwa yanahitaji neno la pekee. Wengi huyanywa wakiamini yanazima moto, na kweli hupoza kwa dakika chache. Lakini protini, mafuta na kalisi iliyomo huliamsha tumbo litoe asidi zaidi, na moto hurudi. Glasi ya maziwa kabla ya kulala si tiba.

Wakati wa mwezi wa Ramadhani, mambo hayo yote hukutana. Mtu hushinda na njaa, akafuturu kwa sambusa, bhajia na vinywaji vya ndimu kwa pamoja, kisha akala daku na kurejea kitandani mara moja. Kufuturu kwa tende na maji, kungoja kidogo ndipo chakula kizito kifuate, na kuamkia daku jepesi mapema, hupunguza sana adha hiyo. Mwenye kutumia dawa za kila siku anafaa kukubaliana na daktari wake mapema kuhusu saa za kuzimeza.

Kitanda, mkanda na mizani

Kwa wanaoungua usiku, kuinua upande wa kichwani wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20 huleta tofauti kubwa. Matofali au vipande vya mbao chini ya miguu miwili ya kitanda hutosha. Kurundika mito hakutoi matokeo sawa, kwani mito huinua kichwa na kukunja tumbo, hali inayoongeza shinikizo.

Kulala kwa ubavu wa kushoto pia husaidia. Kwa jinsi tumbo lilivyokaa mwilini, mtu akilalia kushoto mlango wa umio huwa juu ya kiwango cha asidi. Akilalia kulia, asidi hukaribia mlango huo.

Kwa mtu mnene, hakuna badiliko la maisha lenye faida kubwa kuliko kupunguza uzani. Mafuta ya tumboni husukuma asidi juu usiku na mchana. Mkanda uliokazwa na nguo za kubana hufanya vivyo hivyo, nazo sigara huilegeza pete na kupunguza mate.

Aina tatu za dawa

Dawa zinazotumiwa dhidi ya kiungulia ni za makundi matatu makuu, na kila kundi lina kazi yake. Kutojua tofauti hii ndiko kunakowafanya wengi waone kana kwamba dawa hazifanyi kazi.

Kundi la kwanza ni antasidi, yaani vidonge vya kutafuna na dawa nyeupe za maji zenye magnesiamu, aluminiamu au kalisi. Hizi hukutana na asidi iliyokwisha kumwagika na kuipoza. Nafuu huja katika dakika chache, lakini haikai sana. Zafaa kwa kiungulia cha mara moja moja. Zenye magnesiamu huweza kuharisha. Zenye aluminiamu au kalisi huweza kufunga choo. Wenye maradhi ya figo hawapaswi kuzitumia kiholela.

Wapo wanaolamba magadi au kukoroga soda ya kuokea mikate katika maji. Asidi hupoa kweli, ila chumvi ya sodiamu inayoingia mwilini ni nyingi, na ni hatari kwa mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo, na kwa mama mjamzito.

Kundi la pili huzuia ujumbe wa kemikali ya histamini unaoliamuru tumbo litoe asidi. Msingi wa dawa hizi uliwekwa na mwanasayansi wa Uingereza, James Black, ambaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 1988 pamoja na wenzake wawili. Inayotumika zaidi leo ni famotidini. Huanza kazi baada ya saa moja hivi na nguvu yake huweza kudumu saa kumi na mbili, kwa hivyo hufaa kwa anayesumbuliwa usiku. Ikitumiwa kila siku kwa wiki kadhaa, mwili huizoea na makali yake hupungua.

Ranitidini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa maarufu zaidi katika kundi hili, iliondolewa madukani katika nchi nyingi baada ya kugunduliwa kwamba ilikuwa na kemikali ya NDMA, inayoshukiwa kusababisha saratani. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaomba watengenezaji waiondoe sokoni mnamo Aprili 2020. Aliyebaki na vidonge vya zamani nyumbani hafai kuvitumia.

Kundi la tatu ndilo lenye nguvu zaidi: omeprazoli, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980, pamoja na esomeprazoli, pantoprazoli, lansoprazoli na rabeprazoli. Dawa hizi hufunga pampu ndogo ndogo zinazotoa asidi kwenye ukuta wa tumbo. Omeprazoli imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

Hapa ndipo penye kosa linalorudiwa sana. Dawa hizi hukamata pampu zinazofanya kazi, na pampu huamshwa na chakula. Kwa hivyo hupasa kumezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, hasa kabla ya kiamshakinywa. Anayezimeza baada ya kushiba, au wakati wa kulala bila ya kula, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Isitoshe, nguvu kamili hufikiwa baada ya siku moja hadi nne. Mtu anayemeza kidonge kimoja moto ukiwaka na kungoja uzimike papo hapo, anaitafutia dawa hiyo kazi isiyo yake.

Dozi ya kawaida ni kidonge kimoja kwa siku kwa wiki nne hadi nane. Baada ya muda huo, daktari humpima tena mgonjwa ili kuamua kama dawa iachwe, ipunguzwe au iendelee.

Dawa zinazogongana

Antasidi hushikamana na dawa nyingine tumboni na kuzizuia zisiingie katika damu. Miongoni mwazo ni antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini, na vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kwa akina mama wajawazito kliniki. Dawa hizo zinafaa kutenganishwa na antasidi kwa saa kadhaa.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Dolutegraviri, iliyo katika mseto wa ARV unaotumiwa na wagonjwa wengi nchini, hupasa kumezwa saa mbili kabla ya antasidi yenye magnesiamu au aluminiamu, ama saa sita baada yake. Nazo omeprazoli na wenzake huzidhoofisha ARV za atazanaviri na rilpivirini. Mgonjwa anayenunua dawa ya kiungulia kimyakimya huenda akaipunguza nguvu tiba inayomweka hai. Hana budi kumweleza mfamasia, hata kwa faragha, dawa anazotumia.

Vilevile, omeprazoli na esomeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli, dawa wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa moyo kuzuia damu kuganda. Daktari huweza kuchagua dawa nyingine ya kundi hilo hilo.

Zipo pia dawa zinazochochea kiungulia. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama vile nifedipini, huilegeza pete ya misuli. Doksisaiklini ikimezwa kwa funda moja la maji kisha mtu akalala, huweza kunata kwenye umio na kuuchoma. Hutakiwa kumezwa kwa glasi nzima ya maji, mtu akiwa ameketi au amesimama. Hata hivyo, asiachishwe mtu dawa ya shinikizo la damu kwa sababu ya kiungulia kabla ya kumwona daktari.

Ugumu wa kuacha

Omeprazoli na dawa za jamii yake ni salama kwa watu wengi zikitumiwa kwa muda uliowekwa. Zikitumiwa kwa miaka, zimehusishwa na upungufu wa magnesiamu na wa vitamini B12, maambukizi ya utumbo, na ongezeko dogo la hatari ya kuvunjika mifupa miongoni mwa wazee. Hiyo si sababu ya kumtia hofu anayezihitaji, ila ni sababu ya kutozimeza kwa mazoea.

Kuziacha ghafla kuna mtego wake. Tumbo lililozuiwa kwa miezi huweza kutoa asidi kwa fujo kwa siku au wiki kadhaa, na mgonjwa akaamini kwamba maradhi yamerudi kwa hasira. Hivyo ndivyo wengi wanavyobaki wakimeza vidonge miaka nenda miaka rudi. Njia nzuri ni kupunguza dozi hatua kwa hatua, na kutumia antasidi siku ambazo moto utachomoza.

Kwa wachache ambao hawapati nafuu, au wasiotaka kumeza dawa maishani, upasuaji upo. Sehemu ya juu ya tumbo huzungushwa na kushonwa kuzunguka mwisho wa umio ili kuikaza pete iliyolegea.

Mama mjamzito na mtoto

Kiungulia ni cha kawaida wakati wa ujauzito, hasa miezi ya mwisho. Homoni huilegeza misuli na mtoto hulisukuma tumbo juu. Milo midogo, kitanda kilichoinuliwa na antasidi zenye kalisi, kwa idhini ya kliniki, huwatosha wengi. Hali hiyo kwa kawaida huisha baada ya kujifungua.

Baadhi ya wajawazito hutafuna udongo au mawe laini yanayouzwa sokoni, maarufu kama odowa, wakitafuta nafuu. Udongo huo huweza kuwa na mayai ya minyoo au madini yenye sumu kama risasi, na kumzidishia mama upungufu wa damu.

Watoto wachanga nao hucheua maziwa mara kwa mara. Mtoto anayenenepa na kucheka haugui. Wengi huacha wanapokaribia mwaka mmoja. Anayetapika kwa nguvu, anayekataa kunyonya au asiyeongeza uzani apelekwe hospitalini.

Moto usio wa asidi

Kuna maumivu ya kifua ambayo hayangoji kidonge. Kifua kikibana kana kwamba kimelaliwa na mzigo, maumivu yakasambaa kwenye mkono, bega au taya, mtu akatokwa na jasho jembamba au kukosa pumzi, hasa anapotembea au kufanya kazi, huo huenda ni moyo. Hata madaktari huhitaji kipimo cha moyo ili kutofautisha. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitalini mara moja.

Hatari ya pili huja polepole zaidi. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazowaua Wakenya wengi, na nchi hii imo katika ukanda wa mashariki na kusini mwa Afrika ambako ugonjwa huo umekithiri. Katika hospitali ya Tenwek, Kaunti ya Bomet, madaktari wamewahi kuripoti wagonjwa ambao hawakuwa wametimiza umri wa miaka 30.

Yafaa jambo hili lieleweke vyema. Katika nchi za Ulaya na Marekani, aina ya saratani ya umio iliyoenea zaidi huhusishwa na asidi. Kiungulia cha miaka mingi hubadilisha utando wa sehemu ya chini ya umio, na kwa watu wachache mabadiliko hayo huishia kuwa saratani. Wanaokabiliwa na hatari zaidi ni wanaume wenye zaidi ya miaka 50, wanene na wavutaji sigara.

Lakini saratani ya umio iliyoenea Afrika Mashariki ni ya aina nyingine, ambayo haitokani na asidi. Tumbaku na pombe ni miongoni mwa vichochezi vyake. Vinywaji vya moto kupita kiasi pia vinashukiwa: mnamo 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 kuna uwezekano wa kusababisha saratani hiyo. Kuacha chai ipoe kwa dakika chache ni kinga isiyogharimu senti.

Kwa Mkenya, basi, hofu kuu si kwamba kiungulia chake kitageuka kuwa saratani. Hofu ni kwamba saratani itadhaniwa kuwa kiungulia, na miezi ya thamani ipotee dukani.

Dalili ya kwanza ya kutiliwa maanani ni chakula kukwama. Mwanzoni hukwama ugali au nyama, na mgonjwa hujizoeza kusukuma kila tonge kwa maji au kubadilisha mlo kuwa uji. Baadaye hata uji hukataa kupita. Kufikia hapo, ugonjwa kwa kawaida umekwisha kuenea. Nyingine ni kumeza kwa maumivu, kupungua uzani bila ya kukusudia, kutapika damu, choo cheusi kama lami, upungufu wa damu na kutapika kusikokoma.

Mwenye dalili yoyote katika hizo hafai kuongezewa vidonge. Anahitaji kipimo cha endoskopi, ambapo mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni ili daktari auone umio na tumbo, na kukata kipande kidogo cha kuchunguzwa. Huduma hiyo hupatikana katika hospitali kubwa. Vivyo hivyo kwa aliyetumia dawa barabara kwa wiki nane bila ya nafuu, na kwa aliyepatwa na kiungulia kwa mara ya kwanza akiwa amepita umri wa miaka 50.

Kwa wengine wote, matibabu huanzia mezani na kitandani: sahani ndogo, chakula cha mapema, kitanda kilichoinuliwa, dawa sahihi kwa saa yake kutoka duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na tarehe ya kuiacha ikijulikana tangu siku ya kuianza. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyeungua usiku mmoja baada ya karamu ana haki ya kutafuna tembe yake na kulala. Aliyenunua tembe hizo mwezi hadi mwezi, na sasa tonge linamkwama kooni, hana tena la kungoja.